Saa sita za simbilisi na mguu wa kaka



Najua nimepotea. Tangu UE ziishe sijaandika kitu humu, na wale mnaonidai simulizi ya safari ya Ukerewe mtasubiri kidogo. Leo nina deni jingine. Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi: andika historia ya kitu kimoja kilichoingia nyumbani kwenu kutoka mbali, ila usichague shule, dini wala mpira. Wenzangu wakachukua cherehani, baiskeli, sangara (nusu ya darasa ni sangara, hii ni Mwanza bwana). Mimi nikachukua vyuma. Vile vyuma vilivyokaa kwenye mguu wa kaka yangu miezi saba.

Kazi nimeshakusanya, alama sizitaji. Lakini kuna mambo huwezi kuyaweka kwenye assaimenti ya kurasa 8, ndiyo nayaleta hapa kwetu.

Wanaoijua Igogo wanaijua: chini barabara ya kwenda Nyegezi, reli na viwanda vya samaki, juu nyumba zimepanda mawe kama mbuzi. Kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa, lakini tumekula sahani moja) alikuwa anaendesha bodaboda. Agosti 2023, likizo, nipo nyumbani. Saa 12 jioni kaka anashuka na kiroba cha mapanki nyuma, gari dogo likamchomekea, yeye na pikipiki na mapanki wote chini. Mguu wa kulia ukabanwa. Mfupa wa muundi ulikatika na ncha yake ikatoka nje ya ngozi. Nimeuona kwa macho yangu. Mweupe, halafu una mchanga.

Walimleta nyumbani kwanza. Msiniulize kwa nini, ndivyo ilivyokuwa, palikuwa karibu. Bomba siku hiyo lilikuwa kavu, kwa hiyo jeraha likamwagiwa maji ya ndoo yaliyochotwa ziwani asubuhi. Likafungwa kitenge. Halafu mjadala ukaanza: nani ana hela, nani aende polisi kufuata PF3, gari la nani. Katikati ya mjadala akaja mzee mmoja wa jirani anayeunga mifupa, akapaka dawa yake, akavuta, akafunga vijiti. Kaka alipiga ukelele ambao mpaka leo nikisikia breki za treni naukumbuka.

Tulifika hospitali moja hapa jijini saa 5 usiku. Sindano ya kwanza ya antibiotiki akachomwa hapo. Chumba cha upasuaji aliingia kesho yake saa 7 mchana. Piga hesabu: saa 5 mpaka sindano, saa 19 mpaka kisu. Wiki ya tatu usaha ukaanza kutoka. Akarudishwa kuoshwa mara tatu. Mguu haukukatwa, namshukuru Mungu, lakini ulichukua miezi 14 mfupa kushika, pikipiki ikauzwa, na leo anatembea akiuburuza kidogo.

Kwa mwaka mzima mimi nilikuwa na hasira na zile saa 19. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba mfupa uliotoboa ngozi lazima uoshwe kwa upasuaji ndani ya saa 6, zikipita hizo umekwisha. Nikawa naisema hiyo sheria kila mahali, hadi vimbweteni, kama nimeitunga mimi. Sasa nilipopata ile kazi ya historia nikasema hapa hapa, naenda kutafuta hii sheria ilitoka wapi, halafu niandike barua kali.

Wadau, ilitoka kwa simbilisi. Wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia ambao wenzetu wa Njombe wanawafuga.

Lakini nianze nyuma kidogo, maana bila huko nyuma hamtaelewa.

Zamani, kule Ulaya, daktari alikuwa anajua hivi: mfupa ukivunjika ndani kwa ndani, mfunge, subiri, utapona. Ukitoboa ngozi, kata mguu, na hata ukikata mgonjwa anaweza kufa kwa kuoza. Usaha ulionekana jambo la kawaida kabisa, tena usaha mzito mweupe ulihesabiwa dalili njema. Mtu aliyeuliza swali la kitoto, na mimi napenda sana watu wa maswali ya kitoto, ni Joseph Lister, daktari wa upasuaji pale Glasgow. Mfupa ni ule ule, kuvunjika ni kule kule, tofauti ni tundu la ngozi tu. Sasa kwa tundu lile kinaingia nini?

Wengi walisema hewa mbaya. Lister alikuwa amesoma kazi za Pasteur wa Ufaransa, akasema hapana, ni vijidudu. Alisikia pia kwamba mji wa Carlisle unatumia asidi ya kaboliki kuondoa harufu ya maji machafu. Tarehe 12 Agosti 1865 akaletwa mtoto wa miaka 11, James Greenlees, gurudumu la mkokoteni limempita juu ya mguu wa kushoto, mfupa umevunjika na ngozi imepasuka. Lister akalifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa ile asidi ya vyooni. Siku nne baadaye akafungua, hakuna usaha. Baada ya wiki 6 hivi mfupa umeshika. Mwaka 1867 akaandika kwenye jarida la Lancet habari za wagonjwa 11 wa namna hiyo: mmoja alifariki, mmoja alikatwa mguu, 9 walipona na miguu yao.

Agosti 1865, Agosti 2023. Mkokoteni, bodaboda. Niliposoma hapo nilifunga daftari nikaenda kununua karanga.

Halafu nikamkumbuka yule mzee wa vijiti. Sisi wasomi ni wepesi wa kumcheka, lakini fikiria: mzee huyu ameunga mifupa maisha yake yote, na watu wanapona kweli, si hadithi. Wanapona kwa sababu ile ile aliyoiona Lister. Ngozi ikiwa nzima, hata ukifunga vijiti vya mti gani, hakuna kilichoingia. Sifa zake zote amezipatia huko. Siku anapoletewa mfupa uliotoka nje anatumia ujuzi ule ule uliomheshimisha, na hapo ndipo anapoua bila kujua. Lister mwenyewe angekuwa Igogo angemwelewa haraka kuliko sisi tulivyomwelewa.

Na msidhani usafi wa kisu ulivumbuliwa Glasgow peke yake. Mwaka 1879, upande huu huu wa maziwa makuu, Mwingereza mmoja aitwaye Robert Felkin alikuwa Bunyoro, mahali paitwapo Kahura. Akaandika kwamba alishuhudia mtaalamu wa kienyeji akimpasua mama mjamzito kumtoa mtoto. Kabla ya kukata, yule bwana alinawa mikono na kuosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Damu akaizuia kwa chuma cha moto. Felkin alikuja kuichapisha habari hiyo mwaka 1884. Sisi tukisoma historia ya Bunyoro darasani ni Kabarega na Waingereza tu. Pombe ya ndizi hakuna.

Haya, simbilisi sasa. Mwaka 1898 Mjerumani mmoja, daktari Friedrich, alichukua simbilisi, akawatia majeraha, akayachafua kwa udongo na vumbi. Akawa anakata nyama iliyochafuka kwa nyakati tofauti. Waliokatwa mapema, ndani ya saa 6 hadi 8, walipona. Waliochelewa, vijidudu vilikuwa vimeshapenya, wakafa. Basi! Kutoka hapo saa 6 zikaingia vitabuni, kutoka vitabuni zikaingia wodini, kutoka wodini zikafika hadi kwangu kimbweteni nikiwa nazitumia kumtukana daktari ambaye hata simjui.

Si kwamba Friedrich alikosea. Kwa simbilisi wasio na antibiotiki yoyote alikuwa sahihi. Na vita vilivyofuata vilithibitisha nusu ya maneno yake. Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati huku kwetu Waingereza wanaichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani mwezi Julai 1916, kule Ufaransa na Ubelgiji askari walikuwa wanapigwa mabomu kwenye mashamba yaliyomwagwa samadi ya farasi miaka na miaka. Mfupa wa paja ukipasuka mle ndani ya tope lile, mtu anaoza huku anakuangalia. Madaktari wakajaribu kumwaga dawa za kuua vijidudu kama Lister, zikagoma. Alexander Fleming, huyu huyu ambaye mwaka 1928 alikuja kuigundua penisilini, alikuwa kwenye maabara ya jeshi pale Boulogne, akaonyesha kwamba dawa zile kwenye jeraha lenye mapango mapango hazifiki waliko vijidudu, badala yake zinaua chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe. Kilichosaidia ni kazi chafu: kukata nyama yote iliyokufa, kutoa udongo, vipande vya nguo na vya mfupa, na jeraha kuachwa wazi siku kadhaa kabla ya kushonwa. Mbelgiji Antoine Depage alikuwa kinara wa jambo hili. Nyama iliyokufa haipitishi damu, na isipopita damu hakuna dawa itakayofika hapo. Ni kama kupeleka barua kwenye nyumba isiyo na njia. (Kwa watu wa Igogo juu, mnanielewa.)

Nafupisha miaka ya katikati. Penisilini ikaja, watu wakadhani sasa wamemaliza, hawakumaliza. Mwaka 1974 Patzakis na wenzake kule Marekani wakaleta jibu la wazi: mifupa iliyotoboa ngozi, wasiopewa antibiotiki karibu 14 kati ya 100 walipata usaha, waliopewa dawa ya jamii ya sefalosporini walikuwa 2 tu kati ya 100. Mwaka 1976 Gustilo na Anderson wakayapanga majeraha haya madaraja matatu, kutoka tundu dogo hadi nyama kuchanika vibaya, baada ya kuangalia mivunjiko 1,025. Ukipita wodi ya mifupa leo ukasikia daktari anasema "gustilo thrii", ndiyo hao. Kaka alikuwa wa tatu.

Sasa kisu kwangu. Utafiti wa miaka ya karibuni ulipolinganisha wagonjwa walioingia kupasuliwa mapema na waliochelewa kwa saa kadhaa, ile sheria ya saa 6 haikusimama. Mwongozo wa Uingereza leo unasema jeraha lililochafuka sana lipelekwe mara moja, yale ya ajali kubwa ndani ya saa 12, mengine ndani ya saa 24. Lakini antibiotiki? Hiyo ndani ya saa moja. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2015, wagonjwa 137 wa muundi daraja la tatu kama la kaka, ukakuta kwamba sindano ikichelewa zaidi ya dakika 66 tangu ajali, usaha unaongezeka. Dakika 66! Ndani ya dakika 66 sisi tulikuwa bado tunabishana gari la nani.

Nilikaa na hesabu yangu mbele ya macho. Saa 19 za kufika kwenye kisu nilikuwa nimezikariri. Zile saa 5 za mwanzo, za pale uani kwetu, sikuwahi hata siku moja kuzihesabu.

Na maji je? Hilo nalo nimelitafuta, maana ndoo ile ilikuwa inaniuma. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa uitwao FLOW, wagonjwa zaidi ya 2,400 wa nchi tano, India mojawapo. Waliulizana: jeraha la mfupa lioshwe kwa sabuni au kwa maji ya chumvi ya dripu? Kwa mashine yenye nguvu au kwa maji yanayoteremka taratibu? Maji ya chumvi yalishinda sabuni, na nguvu ya maji haikuleta tofauti. Maana yake chupa za dripu ukizitundika juu na kuacha maji yateremke yenyewe, umefanya sawa na mwenye mashine ya mamilioni. Mimi nilifurahi sana hapo kwa niaba ya hospitali zetu. Lakini maji ya chumvi ya hospitali hayana vijidudu, maji ya ziwa mabichi yanavyo. Jeraha la kaka lilikuwa na mchanga, mapanki, ziwa na dawa ya mzee. Daktari atajuaje kipi kilileta usaha? Hakuna atakayejua.

Vyuma sasa, maana ndiyo ilikuwa mada ya assaimenti. Pale nyumbani kuna imani kwamba kaka aliwekewa "vyuma vya maskini", vile vya nje vinavyochomoza kama antena, na kwamba angewekewa cha ndani asingepata usaha. Hili bahati nzuri Watanzania wamelijibu wenyewe. Pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, Dkt. Billy Haonga na wenzake wa hapa na wa Marekani walichukua wagonjwa 240 wenye muundi uliotoboa ngozi, nusu chuma cha ndani, nusu vyuma vya nje, kwa bahati nasibu. Majibu yalitoka 2020. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au waliolazimika kurudi kupasuliwa kwa usaha wa ndani, mfupa kutoshika au kupinda walikuwa 18 kati ya 100 upande wa ndani na 22 kati ya 100 upande wa nje, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Wa ndani walijisikia nafuu zaidi wiki za mwanzo na mfupa ulinyooka vizuri zaidi, hilo kweli. Lakini angalieni: pande zote mbili, karibu mtu mmoja kati ya watano. Aina ya chuma si ndiyo inayoamua. MOI baadaye wakaanza kujaribu kuweka dawa ya gentamaisini moja kwa moja kwenye jeraha, na mimi nafuatilia hilo kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Na hapa Mwanza tusijifanye hatuna historia. Bugando, hospitali iliyopo juu ya kilima jirani, ilifunguliwa 1971, serikali ikaichukua 1972, ikarudi mikononi mwa maaskofu 1985. Kati ya 2009 na 2010, zaidi ya miaka 10 kabla ya ajali ya kaka, madaktari wa pale walifuatilia wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa wa kila aina, si mifupa tu. 65 walipata maambukizi kwenye kidonda, yaani 26 kati ya 100. Wakaichapisha namba hiyo 2011, dunia nzima isome. Nawaheshimu sana kwa hilo, maana wangeweza kunyamaza. Walichokuta kinaongeza hatari ni mambo unayoweza kuyashika: upasuaji kuzidi saa 3, kusafisha ngozi kwa ayodini peke yake, mrija wa kutoa maji, ugonjwa mwingine mwilini, na sigara. Sigara! Kaka aliletewa pakiti wodini na washikaji zake wa kijiweni, na mimi nilimwashia moja nje ya jengo.

Na vidonge. Baada ya kutoka hospitali tulimnunulia kapsuli dukani wiki baada ya wiki, kila shangazi na kapsuli zake, rangi zote. Miongozo mingi inazungumzia siku 1 hadi 3 za antibiotiki kwa jeraha kama lile kama hakuna maambukizi, na kuendelea kumeza bila mpango kunawafundisha vijidudu. Kwenye ule utafiti wa Bugando, karibu mmoja kati ya kila vijidudu vitano vya stafilokokasi vilivyokutwa alikuwa ameshakuwa sugu. Hiyo ni 2010. Sisi tulikuwa tunanunua kapsuli 2023.

Basi Jumapili iliyopita nilikwenda Igogo. Sikuandika ile barua kali. Nilikaa uani, mama mkubwa anachambua dagaa, kaka amenyoosha mguu juu ya kigoda, nikawasomea hizi karatasi, simbilisi na mkokoteni na dakika 66. Kaka alicheka sana kwenye simbilisi, akauliza walikuwa wangapi na kama waliliwa baadaye. Nilipofika kwenye saa 5 akaacha kucheka. Akasema, "Kwa hiyo ni yule mzee." Nikasema si yeye peke yake. Akauliza nani alimwita.

Mama mkubwa hakuinua kichwa kwenye ungo. Akasema, "Mimi nilimwita. Na huyu msomi wako ndiye aliyemwaga maji na kushika tochi."

Ni kweli. Niliishika tochi kwa mikono yote miwili ili mzee aone vizuri.

Tulikula wali na dagaa, tukaongea habari za kodi ya fremu ambayo kaka anataka kufungua ya kuziba pancha. Akanisindikiza mpaka barabarani, mteremko wote ule, nikamwambia asishuke akashuka. Hiace ya Nyegezi ilichelewa. Kesho saa 2 asubuhi nina lekcha ya saikolojia, na bando langu lipo ukingoni, mkiona sijajibu maoni msininunie.

Ukerewe wiki ijayo.